Mashine ya boti imechoka: uitengeneze au ununue nyingine?

Wengi wanaoniletea mashine hapa Kilindoni, kisiwani Mafia, wameshakata shauri kabla hawajaitua begani: "Fundi, hii imekufa, nitafutie nyingine." Nusu ya hizo hazijafa. Nazungumzia mashine za kupachika nyuma, za kuchanganya oili na petroli, nguvu za farasi 15 mpaka 40, maana ndizo zilizojaa pwani yetu.

Anza na rafadha, lile panga linalozunguka majini kusukuma chombo. Mashine inalia kwa nguvu, chombo hakiendi, mwenyewe anaapa kuwa gia zimekwisha. Mara nyingi ni mpira. Katikati ya rafadha kuna bomba la chuma linalovaa shafti, na kati ya bomba hilo na chuma cha nje kuna mpira uliobanwa, ili panga likigonga mwamba mpira uteleze na gia zisalimike. Mpira ukichoka, unateleza hata pasipo mwamba. Chukua msumari, chora mstari mmoja ulionyooka kuanzia kwenye bomba, upite juu ya mpira, ufike chuma cha nje. Funga rafadha, toka nayo baharini, vuta mafuta mpaka mwisho, urudi uifungue. Ukikuta mstari umekatika, nusu huku nusu kule, gia usiziguse, badilisha rafadha.

Kisha kitazame chombo chenyewe. Ngoja bamvua, siku za maji makuu, maji yakitoka kikalishe mchangani uingie chini yake. Magamba, majani, deheni ya kupaka chini iliyobanduka, kalafati ya kuziba mianya iliyolegea mpaka mbao zimekunywa maji: chombo cha hivyo hata ukikipa mashine mpya kitajikokota, na lawama atabebeshwa aliyekuuzia.

Hapo sasa tuje kwenye mashine. Kipimo ninachokiamini kuliko sikio la fundi yeyote, langu likiwemo, ni geji ya kompresheni, inayopima mgandamizo ndani ya silinda. Iwashe ipate moto kidogo, zima, chomoa kamba ya usalama, toa plagi zote. Fungua mafuta mpaka mwisho, funga geji kwenye tundu la silinda ya kwanza, vuta kamba mpaka mshale ugome kupanda. Andika, uhamie silinda ya pili. Paundi 120 kwa 115, mashine ina maisha. Zikitoka 120 kwa 80, hakuna ubishi, silinda moja inavuja. Tofauti ikizidi asilimia 15 hivi, mimi nafungua. Lakini kabla ya kushika spana, mimina kijiko kidogo cha oili kwenye ile dhaifu upime tena. Namba ikipanda, ringi za pistoni zimekwisha. Isipopanda, mtafute mwizi kwenye gasketi ya kichwa, au pistoni iliyotoboka.

Ringi na gasketi ni matengenezo ya kawaida. Silinda iliyokwaruzika nayo inachongwa, inatiwa pistoni iliyozidi kwa milimita 0.25, na siku nyingine 0.50. Ndiyo maana nakuuliza mashine ilishafunguliwa na nani na alifanya nini: bloku iliyokwisha kufika 0.50 haina tena nyama ya kuchonga.

Kwenye mguu, ile sehemu ya chini yenye gia, iache mashine ilale wima usiku kucha, asubuhi ulegeze skrubu ya chini ya oili ya gia. Kama maji yameingia, yatatangulia kutoka. Oili ikiwa nyeupe kama maziwa, sili zimepitisha maji. Zibadilishe na uendelee na kazi zako. Ukikuta vipande vya chuma kwenye skrubu, gia zinasagika, na hiyo ni hesabu nyingine kabisa.

Moshi na kelele havinitishi. Naogopa chumvi. Chukua ncha ya bisibisi ubonyeze pembeni mwa boliti na kwenye njia za maji. Aluminiamu nzima hukataa. Iliyoliwa hubonyea na kutoa unga mweupe. Ikifika hapo, kila boliti utakayoigusa itakatikia ndani, na utamlipa fundi siku nzima kuitoboa. Mashine ya namna hii naikataa hata kama kompresheni yake ni nzuri. Na ile iliyozama ikaachwa siku kadhaa bila kuoshwa kwa maji baridi, yasiyo ya chumvi, na kutiwa oili, beringi za krenki zimeshashika kutu. Usidanganyike kwa sababu imewaka.

Sasa hesabu. Jumlisha spea, ufundi, na siku ambazo chombo kitakaa pwani bila kuingiza kitu. Ikipita nusu ya bei ya mashine nzima inayofanana na yako, mimi sishauri kutengeneza. Ila angalia kazi yako. Mwenye tanga, anayewasha mashine upepo ukifa tu, atengeneze. Anayepeleka wageni kuangalia papa potwe kila siku ya msimu, mashine mpya isiyochanganya oili inaweza kumpunguzia petroli kwa theluthi hivi, na deni akalilipa kwa hiyo petroli. Ajue tu kwamba ni nzito zaidi, hivyo ubao wa tezi, ule wa nyuma unaobeba mashine, ukaguliwe kwanza, na aulize spea zake zinapatikana wapi kabla ya kutoa hela.

Ukinunua ya mtumba, fungua kofia, kile kifuniko cha juu, uweke kiganja kwenye kichwa cha silinda kabla haijawashwa. Ukikuta ina joto, muuzaji ameshaiamsha ili isimsumbue mbele yako, rudi kesho. Kisha tazama vichwa vya skrubu, vilivyochubuka vinakwambia imeshafunguliwa. Rangi mpya ndani ya kofia mimi siipendi hata kidogo.

Ile ya zamani usiiuze kwa kilo. Kabureta, koili, kofia na rafadha yake ni spea, hasa ukinunua nyingine ya aina ileile. Zioshe kwa maji baridi, zipake oili, zifunge kwenye gunia na uziweke mbali na chumvi.