Ukifungasha begi la leba, fungasha na maswali ya kunyonyesha

Begi la leba halina siri. Mimba ikifika mwezi wa nane linakaa tayari nyuma ya mlango: kanga doti mbili tatu, glavu, pamba, beseni, chupa ya chai, nguo za mtoto, kadi ya kliniki juu kabisa. Mimi ni nesi mkunga hapa Dar es Salaam na mabegi hayo nimeyafungua mengi mno. Ninachokikosa humo ni maandalizi ya kunyonyesha, ya mama mwenyewe na ya watu wa nyumbani kwake. Wengi hudhani titi halina mafunzo. Wapo waliojaliwa, kweli. Wengine huturudia siku ya nne, chuchu zimechanika, mtoto sauti imemkauka kwa kulia, na nyumbani shangazi mtu ameshabandika maji ya mchele jikoni.

Kwanza ujue wodi ilivyo. Aliyejifungua kawaida bila tatizo huruhusiwa baada ya saa 24 hivi. Katika saa hizo nesi wa zamu ana wazazi wengi, huyu presha imepanda, yule anatokwa damu, na wewe uliye mzima utaonekana huna shida. Ushauri utakaoupata hapo unaweza kuwa wa kusimama mlangoni. Kwa hiyo maswali yaanze kliniki, mimba ikiwa na wiki 34 au 36. Mwombe nesi akuonyeshe kwa mwanasesere, hata kwa kanga iliyoviringishwa, namna mtoto anavyopakatwa na anavyoshika titi. Dalili za kushika vizuri ni nne: mdomo umepanuka, mdomo wa chini umejikunja kwa nje, kidevu kimegusa titi, na ule weusi unaozunguka chuchu unaonekana zaidi juu ya mdomo wa mtoto kuliko chini yake. Mtoto anayeshika chuchu tupu atakuumiza na wala hashibi.

Uliza pia kuhusu saa ya kwanza. Mtoto akiwa mzima anatakiwa alazwe kifuani kwako, ngozi kwa ngozi, na aanze kunyonya ndani ya saa hiyo. Hata kwa upasuaji, kama umechomwa sindano ya mgongo na uko macho, mara nyingi inawezekana, ila usipolisema mapema wataalamu wakiwa na haraka litapita. Utakachotoa siku hizo ni dang'a, yale maziwa mazito ya njano. Ni machache kwa makusudi, kwa kuwa tumbo la mtoto wa siku moja linatosheka na kijiko kimoja cha chai hivi. Wako wanaoyakamua na kuyamwaga wakisema ni machafu. Wanamwaga kinga. Maziwa mengi huja kati ya siku ya pili na ya nne, na yanakuja kwa sababu mtoto amenyonya mara kwa mara, mara nane hadi kumi na mbili kwa siku nzima, usiku ukiwemo.

Sasa niseme jambo ambalo sisi wenyewe tunakosea. Mtaalamu aliyefundishwa unasihi hakuulizi, "Unanyonyesha vizuri?" Swali hilo lina jibu moja tu, nalo ni "ndiyo, nesi". Anakuuliza, "Mtoto ananyonyaje?" kisha ananyamaza akusikilize. Anatafuta kitu unachofanya sawasawa akusifie, halafu anakupa pendekezo moja au mawili, si hotuba. Ukimpata wa namna hiyo mshike. Ukimpata mkali, na wapo, usimwogope, mwambie sentensi hii moja: "Naomba unitazame nikinyonyesha mpaka mtoto aachie mwenyewe." Dakika zile zinatuonyesha zaidi ya maelezo yoyote. Tunaona mgongo wako uliopinda kumfuata mtoto, badala ya mtoto kusogezwa kwako. Tunasikia kama anameza au anachezea.

Lakini kazi kubwa iko nyumbani. Kwa desturi zetu mzazi anakaa ndani siku arobaini, anakandwa maji ya moto, analetewa uji wa pilipili manga na supu ya pweza, na anayemhudumia ndiye mwenye sauti. Mtoto akilia saa nane usiku mimi sipo. Yupo mama mkwe, na neno lake ni "maziwa yako mepesi" au "huyu ana chango, mpe dawa". Simlaumu, amelea watoto sita. Ndiyo maana nashauri uje naye kliniki mara moja kabla hujajifungua, yeye au yeyote atakayekuuguza, aambiwe na nesi mbele yako kwamba miezi sita ya mwanzo mtoto hahitaji maji, hata kwa joto letu la Februari, kwa kuwa maziwa yenyewe kwa sehemu kubwa ni maji. Ukimwambia wewe utaitwa mjuaji. Mpe na kipimo cha kushika mkononi: kuanzia siku ya tano au ya sita hivi, mtoto anayeshiba hulowesha nepi sita au zaidi kwa siku. Ahesabu nepi, asihesabu vilio. Uzito kupungua kidogo siku za mwanzo ni kawaida, na wengi huurudisha ndani ya wiki mbili.

Mbemendo nao tuuseme wazi, maana unatupotezea watoto. Mtoto akikonda, mtaani husemwa amebemendwa: wazazi wamekutana mapema, au baba ametoka nje. Mama akisikia hivyo anaona haya, anaacha kliniki, wengine wanamwachisha titi kabisa. Tendo la ndoa haliharibu maziwa. Mtoto aliyekonda ana sababu inayotafutwa kwa mizani na vipimo, na tukichelewa kumwona inakuwa ngumu zaidi. Hofu hiyo ina punje moja ya ukweli, kwamba mimba ya haraka inamchosha mama na aliye mgongoni. Basi ongea na nesi uzazi wa mpango ungali mjamzito. Kunyonyesha kwenyewe kunakinga mimba ikiwa mambo matatu yako pamoja: mtoto hajatimiza miezi sita, ananyonya tu usiku na mchana, na hedhi haijarudi. Moja likikosekana, tafuta njia nyingine na umtajie mtoa huduma kwamba unanyonyesha, kwani baadhi ya vidonge si vya kuanza mapema.

Mwenye VVU asisubiri wodini. Akinywa dawa zake kila siku ananyonyesha kama wenzake, miezi sita maziwa matupu, mtoto akipewa dawa ya kinga tangu kuzaliwa na kupimwa akiwa na wiki nne hadi sita. Kuchanganya titi na uji au maji katika miezi hiyo ndiko kunakozidisha hatari.

Kuhusu kazi, fanya hesabu mapema. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo yenye malipo, 100 akipata mapacha, na akirudi anaruhusiwa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Siku 84 ni wiki kumi na mbili, kwa hiyo zaidi ya nusu ya ile miezi sita inabaki mikononi mwako. Na saa mbili zenyewe, anayeishi Kimara akafanya kazi Posta anazimaliza njiani. Mama lishe wa Kariakoo hata hizo siku hana. Omba ufundishwe kukamua kwa mkono na kumnywesha mtoto kwa kikombe kidogo, ambacho ni rahisi kukisafisha kuliko chupa ya chuchu. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa nje kwa muda usiozidi saa nne penye joto la nyuzi 25, na chumba cha Dar mchana huvuka hapo, kwa hiyo punguza muda. Kwenye friji ni siku nne, kama umeme haukati.

Mwisho tazama kalenda. Baada ya kuruhusiwa, mahudhurio yanayofuata ni siku ya 7, ya 28 na ya 42. Matiti hujaa na chuchu huchanika siku ya tatu hadi ya tano, katikati ya pengo. Pata namba ya zahanati ya karibu, mjue mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa mtaa wako. Titi likiwa jekundu, lina uvimbe na una homa, njoo siku hiyohiyo, na usiache kunyonyesha. Mtoto akigoma kunyonya, akalegea, akawa wa moto au macho yakageuka njano, usisubiri kukuche. Ndiyo maana ndani ya begi, pembeni ya kadi, nataka nikute na nauli ya bajaji ya siku ya nne.