Namna ya kuzitambua noti kwa sikio

Wanakwaya wapya ninaowafundisha hapa Mwanza huja wakiamini kwamba kutambua noti kwa sikio ni kipaji cha kuzaliwa. Ni kweli wapo wanaosikia honi ya gari na kukutajia noti yake papo hapo, na wengi wao walianza muziki wakiwa wadogo sana. Kwaya haihitaji hilo. Inahitaji mtu anayejua kila noti imekaa wapi kutoka do, yaani noti ya kwanza katika ngazi ya do, re, mi, fa, so, la, ti, kisha do tena juu, na hilo hata mtu mzima hujifunza.

Usianze na kinanda. Imba do yoyote isiyokubana koo, kisha do-mi-so-mi-do, mpaka uweze kuirukia so moja kwa moja bila kupitia re wala fa.

Kazi kubwa iko kwenye nusu toni, yaani hatua fupi kuliko nyingine katika ngazi: mi na fa, halafu ti na do. Hapo ndipo waimbaji wengi hupotea, kwa hiyo kaa hapo muda mrefu. Chukua wimbo wa taifa la Tanzania: “Mu-ngu i-ba” ni do, do, ti, do. Imba polepole, ufike ti, usimame. Utasikia inavyokuvuta urudi do. Mvuto huo ndio utambulisho wa ti. Fa nayo huvuta kushukia mi, ila kwa upole zaidi.

Sasa mwombe mwenzako apige do kwenye kinanda, kisha noti nyingine usiyoiona. Usikimbilie kuitaja! Iimbe kwanza mdomo ukiwa umefumba, ishushe hatua kwa hatua hadi usikie umefika do, halafu panda tena ukitaja majina mpaka pale ulipoanzia. Mkizoea, abadilishe do: leo C, kesho G (herufi hizi ni majina ya vitufe vya kinanda). Aliyekariri vitufe atapotea hapo, aliyezoeza sikio hatapotea.

Ukitaka kujua na herufi, tafuta kile chuma cha pembe mbili kinacholia A, mitetemo 440 kwa sekunde. Kila asubuhi, kabla hujakigonga, imba A unayodhani ndiyo, kisha kigonge ulinganishe. Kama wimbo do yake ni C, hiyo A ni la. Do ikiwa F, ni mi. Do ikiwa D, ni so. Kutoka hapo shuka mwenyewe hadi do, uwape soprano, alto, tenor na besi sauti zao bila kungoja kinanda.