Simu na meseji kwenye redio ya gari bila kushika simu

Gari likienda kilomita 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde. Dereva akiinamia simu sekunde nne kusoma "Uko wapi?" kati ya Mbande na Kibaigwa mkoani Dodoma, ameshapita karibu mita 90 bila kuangalia mbele, na ng'ombe wa barabara ile hawapigi honi. Kazi ya mfumo wa simu wa gari ni kuondoa kuinama huko. Kwa upande wa kupiga na kupokea unafanya kazi vizuri sana ukiupanga. Kwa meseji una upungufu mkubwa, hasa kwa sisi tunaoandikiana Kiswahili, na ni vizuri kuujua kabla hujamlipa fundi.

Kwanza jua gari lako lina nini

Magari mengi yanayotembea Dodoma yametoka Japani yakiwa yametumika. Ndani yake utakuta redio ya kiwandani yenye maandishi ya Kijapani, au redio ya Android yenye skrini kubwa iliyofungwa hapa, au redio ya kawaida isiyo na Bluetooth kabisa. Kitufe chenye alama ya simu kwenye usukani hakithibitishi chochote. Redio ikishabadilishwa, vitufe vya usukani hufa mpaka fundi aunganishe nyaya za KEY1 na KEY2 nyuma ya redio mpya, kisha aifundishe redio kila kitufe kinafanya nini. Mafundi wengi huruka hatua hiyo kwa sababu redio inawaka bila nyaya hizo. Idai kabla hujalipa.

Ushahidi wa kweli ni vitu viwili: menyu ya simu ndani ya redio, na maiki. Maiki ya kiwandani huwa ni tundu dogo au wavu mdogo karibu na taa ya darini, au juu ya nguzo ya usukani. Redio yenye Bluetooth ya muziki tu haina maiki, na maongezi ya simu hubaki kwenye simu yenyewe.

Kama menyu ni ya Kijapani, usibonyeze kwa kubahatisha. Fungua Google Translate kwenye simu, elekeza kamera kwenye skrini, usome. Na kwenye Toyota zenye redio ya ramani inayotumia kadi ya SD, mwambie fundi umeme asichomoe betri ovyo. Baadhi ya redio hizo zikikosa umeme hujifunga na kudai kadi yake ya asili au namba ya kufungulia, na kadi nyingine zilibaki Japani.

Kuunganisha kwa mara ya kwanza

Egesha, vuta hendibreki, acha injini ikiunguruma. Redio nyingi za kiwandani hufunga menyu hii gari likitembea, na swichi ikiwashwa muda mrefu bila injini betri inaisha.

1. Kwenye simu fungua Mipangilio, washa Bluetooth, na ubaki kwenye ukurasa huo huo. Simu nyingi za Android huonekana na vifaa vingine pale tu ukurasa huo ukiwa wazi.
2. Kwenye redio ingia sehemu ya simu au Bluetooth, chagua kuongeza simu mpya. Kwa redio ya Android tumia programu yake yenyewe ya Bluetooth, ile yenye alama ya simu.
3. Jina la gari likitokea, liguse. Redio za zamani zitadai namba ya siri: jaribu 0000, ikikataa 1234. Mpya zinaonyesha tarakimu sita kwenye skrini zote mbili. Hakikisha zinafanana, kubali pande zote.
4. Simu ikiuliza kama gari liruhusiwe kuona majina na meseji, kubali.

Hatua ya nne ndiyo inayoharibu kazi. Bluetooth ya gari si njia moja. Kuna huduma ya sauti ya simu, ya muziki, ya majina na ya meseji, na kila moja ina ruhusa yake. Ndiyo maana Bongo Fleva inaweza kupiga vizuri kwenye spika za gari huku simu ikiitia mfukoni, au gari likaonyesha namba tupu bila jina la mtu. Kwenye simu ya Android rudi kwenye Bluetooth, gusa alama ya gia pembeni ya jina la gari, washa kila kinachohusu simu, majina na meseji. Kwenye iPhone gusa herufi "i" pembeni ya jina la gari, washa "Sync Contacts" na "Show Notifications". Ile ya pili isipowashwa, meseji haitafika kwenye gari hata siku moja.

Ikigoma bado, futa simu kwenye redio na ufute gari kwenye simu, pande zote mbili, kisha anza upya. Kufuta upande mmoja tu huacha upande wa pili ukishikilia ufunguo wa zamani, na vinakataana.

Laini mbili, na simu mbili

Karibu kila mtu ana laini mbili. Kama simu yako imepangwa iulize kila mara ni laini ipi itumike, ukipiga kupitia gari hakuna kitakachotokea: swali limetokea kwenye skrini ya simu, iliyo mfukoni. Chagua laini moja ya kupigia kabla ya safari, kwenye mipangilio ya laini. Menyu za pesa kama *150*00# zisahau ukiwa kwenye usukani, kwani zinahitaji macho na namba ya siri.

Magari ya familia yana tatizo lake. Redio ikiwa imehifadhi simu ya mume na ya mke, itashika ile iliyotangulia kwenye orodha hata kama anayeendesha ni mwingine, na simu ya aliyekaa pembeni italia kwenye spika za gari zima. Wengine wamejikuta wakijieleza bila kutarajia. Weka simu ya dereva wa kila siku kuwa ya kwanza, na abiria azime Bluetooth yake.

Kumbuka pia kwamba Bluetooth hufika mita 10 hivi. Ukishuka kununua zabibu pembeni ya barabara ukaacha gari linaunguruma, simu utakayopokea mkononi inaweza kusikika ndani ya gari badala ya sikioni mwako. Kabla hujaanza kuongea, bonyeza alama ya spika kwenye skrini ya simu na uchague sauti itoke kwenye simu yenyewe.

Maiki, vumbi na kiyoyozi

"Sikusikii, uko kwenye upepo?" Jibu huwa ni maiki, mara chache sana ni mtandao. Redio za Android huja na maiki ndani ya uso wa redio, kwenye kitundu chenye maandishi MIC, chini kabisa mbali na mdomo na karibu na matundu ya kiyoyozi. Nyingi zina tundu la maiki ya nje kwa nyuma. Nunua maiki ya waya yenye pini ya milimita 3.5, ibane kwenye kizuia jua au juu ya nguzo ya usukani, sentimita 30 hadi 50 kutoka mdomoni, halafu kwenye mipangilio ya redio chagua maiki ya nje kama chaguo hilo lipo. Waya usipite karibu na pedali, wala juu ya kifuniko chenye maandishi SRS AIRBAG.

Kiangazi cha Dodoma kina vumbi jembamba linaloingia kila mahali. Kitundu cha maiki kisafishe kwa brashi laini kavu. Usichomeke sindano, kwani utatoboa utando wa ndani na maiki itakufa.

Mwenzako akisikia sauti yake ikimrudia, punguza sauti ya gari. Sauti ya simu ina kipimo chake tofauti na cha muziki na hubadilika tu wakati simu iko hewani, kwa hiyo mpigie mtu ukiwa umeegesha, ushushe hadi mwangwi ukome. Ukishafika spidi za barabara kuu pandisha vioo na upunguze kasi ya feni.

Njia ya kwenda Manyoni au Kondoa ina vipande vyenye mtandao hafifu. Ili kujua kosa ni la nani, cheza wimbo uliohifadhiwa kwenye simu. Ukiendelea bila kukatika huku simu zinakatika, mtandao ndio tatizo na fundi redio hana la kufanya.

Simu yenyewe iweke kwenye kisanduku cha katikati au mfukoni. Juu ya dashibodi, jua la saa nane litaipasha mpaka igome kuchaji au ijizime.

Kupiga na kupokea

Kitufe cha simu cha kijani hupokea, chekundu hukata au kukataa. Kwa watu unaowapigia kila siku, weka namba za haraka kwenye redio. Amri za sauti huwa zimefundishwa Kiingereza au Kijapani, na "Mwajuma" au "Ng'wandu" huzipiga chenga. Jina fupi lenye silabi za wazi, kama "Baba Asha", lina nafasi zaidi, lakini namba ya haraka haikosei.

Usipokee ukikaribia kipilefti, tuta au kivuko cha shule. Simu ikipotea itarudi. Shirika la Afya Duniani linasema dereva anayetumia simu ana uwezekano wa kupata ajali mara nne hivi kuliko asiyetumia, na kwamba mfumo wa kutoshika simu hauna usalama mkubwa zaidi ya kushika. Mikono inakuwa huru, akili bado iko kwenye maongezi. Kwa hiyo yafupishe. Tatizo ni salamu zetu: mzazi akipiga huwezi kurukia hoja. Sema mwanzoni, "Shikamoo mama, niko kwenye usukani na nina abiria, nikisimama nakupigia." Hapo umeamkia, na amejua kwamba anasikika na watu wengine.

Meseji

Njia ya meseji ya Bluetooth ilitengenezwa kwa ajili ya SMS. WhatsApp haipiti humo. Redio nyingi za Android zilizofungwa hapa hazina hata hiyo ya SMS, hata kama muuzaji anasema zina kila kitu. Mwambie akuonyeshe kwa simu yako mwenyewe.

Gari lenye huduma hii litaonyesha bahasha, ukibonyeza linasoma kwa sauti. Na linasoma kwa lugha yake. "Naja saa nane, nisubiri Nzuguni" ikitamkwa na mashine ya Kiingereza ni vigumu kuelewa. CarPlay (ya iPhone) na Android Auto, mifumo inayoleta programu za simu kwenye skrini ya gari, husoma WhatsApp pia na kukuruhusu ujibu kwa kuongea, lakini Siri, msaidizi wa sauti wa iPhone, haizungumzi Kiswahili, na ukimtamkia jibu la Kiswahili ataandika Kiingereza kisichoeleweka. Zipo programu za Android zinazosoma arifa kwa sauti ya simu yenyewe, na sauti ya Google ina Kiswahili. Lakini programu ya namna hiyo inaomba ruhusa ya kusoma kila arifa, pamoja na salio lako na namba za siri za mara moja za benki. Hatuzipendekezi.

Hata mfumo wa kiwandani una hatari hiyo ndogo: meseji ya pesa za simu ikiingia, gari zima litasikia umepokea kiasi gani, kutoka kwa nani, na salio. Ukibeba abiria, zima usomaji wa moja kwa moja, ubaki kusomewa kwa kubonyeza tu.

Badala ya kuhangaika kujibu meseji, wafanye watu wakupigie. Kwenye iPhone fungua "Focus", kisha "Driving", iweke ijiwashe simu ikiunganishwa na Bluetooth ya gari, na kwenye "Auto-Reply" futa maandishi ya Kiingereza, andika: "Niko barabarani. Kama ni haraka piga simu." Chagua pia nani ajibiwe, usije ukajibu kila tangazo na kumaliza kifurushi cha SMS. Kwenye Android, programu ya simu ina majibu ya haraka ya kumtumia unayemkataa, nayo yanahaririwa kwa Kiswahili. Redio zenye majibu yaliyoandikwa tayari nyingi hukubali kuhaririwa pia, gari likiwa limesimama.

Gari lisilo na Bluetooth

Kifaa cha FM cha kuchomeka kwenye tundu la kiberiti ni rahisi na kinatosha kwa simu. Shida ni masafa. Redio nyingi za Kijapani za zamani hushika 76 hadi 90, na vifaa hivi hurusha 87.5 hadi 108. Vinakutana kati ya 87.5 na 90 tu. Tafuta hapo sehemu yenye mvumo mtupu usio na kituo, weka kifaa na redio kwenye namba hiyo moja. Kama gari limefungwa konveta ya masafa (kifaa kinachoshusha masafa ya vituo ili redio ya Kijapani iyashike), namba hazitafanana: konveta inayoshusha 18, kifaa kikiwa 107.9 utakipata kwenye 89.9. Ukisafiri mkoa mwingine huenda kituo kikakuingilia, ubadilishe tena ukiwa umesimama. Maiki iko kwenye kifaa chenyewe, chini karibu na gia, kwa hiyo utaongea kwa sauti zaidi.

Ukinunua gari lililotumika, fungua orodha ya simu za redio ufute zote za zamani. Orodha ikijaa, redio hukataa simu mpya, mara nyingine bila kueleza sababu. Ukiuza au kurudisha la kukodi, futa yako pamoja na majina yaliyonakiliwa, kwa sababu kwenye baadhi ya redio majina hubaki hata simu ikishafutwa. Njia ya uhakika ni kurudisha redio kwenye mipangilio ya kiwandani, kisha kuingia tena sehemu ya majina kuhakikisha iko tupu.