Nina njaa, nina homa: kitenzi "tener" kwa anayeanza maisha Uhispania

Ukifika Madrid au Valencia na Kihispania chako ni cha kuombea maji tu, kitenzi cha kukamata mapema ni "tener", yaani kuwa na. Waliojifunza kwa kupitia Kiingereza huhangaika nacho bure. Wewe anzia Kiswahili: nina njaa, "tengo hambre", nina kiu, "tengo sed", nina homa, "tengo fiebre", nina kikohozi, "tengo tos". Tena "tengo" haijali kama msemaji ni mwanamke au mwanamume, tofauti na uchovu, ambao ni "estoy cansado" kwa mwanamume na "cansada" kwa mwanamke.

Herufi h haitamkwi: sema "ambre". Ila hiyo a ishike vizuri. Ukiteleza ukasema "tengo hombre", umewatangazia watu kwamba una mwanamume, na kama ni mbele ya wakwe, shauri yako.

Sisi husema nasikia baridi, nasikia usingizi, naogopa. Kwao zote bado ni "tengo": "tengo frío", "tengo sueño", "tengo miedo". Joto likikuzidi, sema "tengo calor". "Estoy caliente" usiiguse, maana hapo unasema una ashiki. Ukitaka kuongeza uzito, tumia "mucho" au "mucha", si "muy": "tengo mucho frío", "tengo mucha sed".

Kwenye kituo cha afya, "centro de salud", daktari atakuuliza "¿qué le pasa?", una nini, halafu "¿desde cuándo?", tangu lini. Mjibu kwa sentensi moja: "Tengo fiebre desde el lunes", nina homa tangu Jumatatu. Mwenye presha aseme "tengo la tensión alta". Mwenye mzio wa penisilini asisubiri kuulizwa: "tengo alergia a la penicilina". Kichefuchefu ni "tengo náuseas".

Maumivu unaweza kuyasema kwa "tengo dolor de cabeza", lakini mimi napenda "me duele la cabeza", kwa sababu ni kichwa kinaniuma kabisa, kichwa ndicho kitendaji. Yakiwa magoti mawili, kitenzi kinafuata wingi kama chetu: "me duelen las rodillas".

Jihadhari na "estoy constipado". Uhispania maana yake una mafua. Aliyefunga choo aseme "tengo estreñimiento", la sivyo atarudi nyumbani na dawa ya pua.

Na ukitoka likizo nyumbani, ukapata homa hata baada ya wiki kadhaa, tanguliza hii: "He estado en Tanzania y tengo fiebre. Puede ser malaria", yaani nilikuwa Tanzania na nina homa, huenda ni malaria. Usipoitaja safari, daktari ambaye hakutani na malaria kila siku anaweza kudhani ni mafua ya kawaida. Usingoje miadi ya wiki ijayo. Nenda "urgencias", kitengo cha dharura, siku hiyohiyo, au piga 112, namba ya dharura, hali ikiwa mbaya.