Somo: Kumalizia kingo za kijahazi, kuanzia mkuku hadi ukingo wa juu

Hamjambo wanachama. Leo tushike kingo za kijahazi, yaani chombo kidogo cha mfano tunachounda kwa mbao, kwa sababu picha nyingi mnazonitumia zina bodi safi, tanga zuri, lakini kingo zinaangusha chombo kizima.

Kijahazi changu cha pili kilikuwa mashua ya sentimita 45. Nilikipiga msasa kila kona mpaka kikateleza mkononi kama kipande cha sabuni, nikakipeleka Sahare kumwonyesha mzee mmoja anayeunda vyombo ufukweni. Hakusema kitu. Alikiweka mchangani kando ya mashua aliyokuwa akiitia kalafati (kuziba nyufa kati ya mbao), akaniambia, "Mwanangu, vitazame vyote viwili." Mkuku wa mashua yake, yaani ule mti mrefu wa chini kabisa, ulikuwa na kona kali. Ukingo wa juu ulikuwa umelika mahali pawili tu: pale wanapovutia nyavu, na pale kamba ya nanga inapopita. Kwangu kote kulikuwa mviringo uleule. Tangu siku ile sishiki msasa kabla sijajua ukingo huo unafanya kazi gani kwenye chombo cha kweli.

Hesabu yake ni hii. Kwa kipimo cha 1 kwa 20, mashua ya mita 9 inakuwa sentimita 45, na ubao wenye unene wa milimita 40 unakuwa milimita 2. Kona iliyolika kwa milimita 10 inakuwa nusu milimita, yaani kama unene wa ukucha. Ukizidisha hapo, jicho linakataa hata kama mtazamaji hajui sababu.

Hatua ya 1: Subiri. Gundi nyeupe ya mbao iachwe saa 24 kamili. Masika hapa Tanga mimi naipa siku mbili. Gundi isiyokauka huziba msasa, kisha inajikunja vijidonge vinavyokwaruza mbao.

Hatua ya 2: Chora mstari. Mstari wa ukingo wa juu usiupime kwa rula. Chukua ufito mwembamba ulionyooka, uinamishe juu ya mataruma (mbavu za chombo) kutoka omo, yaani mbele, hadi tezi, yaani nyuma, uubane kwa pini, kisha inama utazame kwa jicho moja kutoka omo. Ufito haudanganyi: taruma lililo juu kuliko wenzake litausukuma, lililo chini litaacha upenyo. Ukiridhika, chora kwa penseli. Kabla ya kukata, pima kila taruma kulia na kushoto, kwa sababu ubavu mmoja ukizidi hata milimita moja, kijahazi kitaonekana kimelala.

Hatua ya 3: Kata kwa kushuka. Mstari wa juu wa jahazi umebonyea katikati. Kwa hiyo randa ianzie omo ikishuka katikati, kisha ianzie tezi ikishuka katikati. Ukiipandisha kuelekea ncha, nyuzi za mbao zinachanika na kipande kinang'oka. Acha mstari wa penseli ubaki unaonekana. Msasa ndio utakaoumaliza.

Hatua ya 4: Sawazisha kingo mbili kwa pamoja. Gundisha msasa namba 120 (namba ikipanda, msasa ni laini zaidi) kwenye ubao ulionyooka, mrefu kuliko upana wa chombo. Ulaze kukatiza kingo zote mbili, usugue taratibu ukisogea kutoka omo hadi tezi. Hivyo kulia na kushoto vinashuka sawa. Rudia kwa 180, kisha 240. Msasa ulioukunja kidoleni usiutumie hapa, maana kidole kinafuata mabonde badala ya kuyaondoa.

Hatua ya 5: Mpe kila ukingo haki yake. Hapa ndipo pa kutumia muda wako.

Mkuku: acha kona zake zisimame. Pitisha msasa wa 240 mara moja tu ili zisikate rangi, basi.

Hanamu ya omo (mti wa mbele unaokata maji): ichonge kutoka pande zote mbili kwa zamu, mipigo mitano kulia, mitano kushoto, ukiacha uso bapa wa kama milimita 1 katikati. Wanaoichonga mpaka ikawa wembe hupata ncha dhaifu inayovunjika, tena haifanani na chombo chochote cha pwani yetu.

Ubao wa tezi: kona za kando kali, ukingo wa juu laini kidogo, maana nahodha huuegemea.

Ukingo wa juu: shika msasa wa 240 kwa mshazari, pitisha mara tatu nje na mara mbili ndani. Kisha zungushia kitambaa msasa wa 320 usugue zaidi pale tu mikono na kamba zingepita. Fumba macho, pitisha kidole gumba. Utahisi mahali chombo "kimetumika", na mtazamaji atapaona bila kuambiwa.

Hatua ya 6: Lowesha, kausha, funga. Futa kingo kwa kitambaa chenye unyevu. Nyuzi zitanyanyuka kama malaika ya mkono. Zikikauka, ziondoe kwa 320. Halafu paka vanishi iliyozimuliwa kwa thina nusu kwa nusu. Pale mbao ilipokatwa kukingama na nyuzi hunywa sana, kwa hiyo paongezee mkono wa pili.

Hatua ya 7: Rangi. Fupi tu: ile sehemu nyeupe ya chini, ambayo kwenye vyombo vya kweli ni chokaa na mafuta yaliyopakwa kwa mkono, usiitenge kwa selotepu. Chora mstari hafifu, ufuate kwa brashi. Mpaka ulionyooka mno unaua uhai wote.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Pangani: Shikamoo fundi. Ubao wangu wa tezi ni wa plaiwudi, kingo zinanyonya rangi na tabaka zinaonekana. Nifanyeje?*

Marahaba, mwanangu. Changanya gundi nyeupe na maji kidogo, paka kingo, kausha, piga 240, rudia mara mbili au tatu. Likikataa bado, funika kwa ukanda wa mbao wa milimita 1. Vipande vya mtiki kutoka Muheza vinafaa, ila vaa barakoa, vumbi lake linawasha.

*Mwanachama wa Kigombe: Fundi, mimi bado nasoma, sina randa. Naweza kutumia kipande cha kioo?*

Unaweza kukwangulia mbao ngumu, lakini funga upande unaoshika kwa kitambaa kinene, na ukwangue ukivuta mbali na mkono wa pili. Kwa mbao laini tumia kisu kikali na msasa juu ya ubao. Tena wazee walilainishia kwa majani ya mti wa msasa, ndiko jina lilikotoka. Ukiyapata, yajaribu kwenye hatua ya mwisho.

*Mwanachama wa Chumbageni: Naunda ngalawa, siyo mashua. Hatua ni zilezile?*

Hapana, kaka. Ngalawa imechongwa kwenye gogo, mara nyingi la mwembe, haina mataruma ya kuinamishia ufito. Chora mstari moja kwa moja kwenye gogo. Ukingo uwe mwembamba juu na unene uongezeke ukishuka. La muhimu zaidi, alama za tezo (kifaa cha kuchongea mbao) usizifute. Malizia kwa kisu, vijibapa vidogo vibaki, kisha pitisha 320 kwa mkono mwepesi sana. Ndubi, yale maboya ya mbao ya pembeni, nazo ziwe na kingo za chini nyembamba zinazokata maji.

*Mwanachama wa Ngamiani: Samahani, dada naomba msaada wa haraka. Kona ya mkuku imemeguka na mteja anakuja kesho.*

Pole sana. Usijaze kwa puti, itaonekana. Kata palipomeguka kwa mshazari uliosafi, gundisha kipande cha mbao ileile, nyuzi zikielekea upande uleule, kikubwa kidogo kuliko pengo. Kibane kwa kibanio cha nguo usiku kucha. Asubuhi kichonge kifuate mkuku, na kona uiache kali.