Kuondoa barafu kwenye ndege ndogo kabla ya kupaa, hatua kwa hatua

Wiki iliyopita tulikuwa tumekaa ndani ya ndege, theluji inaanguka, gari la dawa ya kuondoa barafu linazunguka nje. Rubani msaidizi wangu, mgeni kazini, akaniuliza: "Kapteni, saa naanza kuihesabu lini?" Mitihani yote amefaulu na jedwali la dakika ambazo dawa inazuia barafu analo mkononi, ila jibu hana. Sikumcheka, maana swali hilohilo lilinigharimu asubuhi nzima katika mwaka wangu wa kwanza. Ndiyo sababu ya kuandika haya, kwa ajili yake na kwa yeyote anayerusha ndege za propela kwenye viwanja vyenye gari moja la dawa, au visivyo na gari kabisa. Kitabu cha ndege yako na taratibu za kampuni yako ndivyo vyenye kauli ya mwisho.

Hatua ya 1: Gusa bawa

Ndege haipai ikiwa na jalidi, theluji au barafu iliyoshika kwenye mabawa, mkia, propela au midomo ya injini. Usisubiri uone tofali la barafu. Jalidi yenye ukwaru wa msasa wa kawaida inaweza kupunguza nguvu ya kuinua kwa hadi asilimia 30 na kuongeza ukinzani wa hewa kwa hadi asilimia 40.

Macho peke yake yatakudanganya. Mafuta yaliyotoka angani yakiwa ya baridi kali huligandisha bawa kwa ndani, na manyunyu yakidondoka juu yake hugeuka barafu angavu hata kama hewa iko juu ya nyuzi sifuri. Hiyo huioni, rangi ya bawa inaonekana vilevile chini yake. Vua glavu, pitisha kiganja kwenye ukingo wa mbele, kisha juu ya bawa, eneo la matangi. Ukizihisi riveti na maungio ya mabati chini ya vidole, umegusa bawa. Ukihisi utelezi mtupu, hiyo ni barafu.

Kwa ndege zenye mabawa juu ya kiwiliwili, kama ATR na Dash 8, huwezi kufanya hivyo bila ngazi. Kumulika tochi ukiwa chini hakukuonyeshi kitu.

Hatua ya 2: Theluji kavu itoe kwa ufagio

Ufagio laini, mpini mrefu. Wapo wanaoona ni kazi ya kizamani na wanakimbilia bomba moja kwa moja. Mimi naupenda ufagio kuliko kifaa chochote kwenye uwanja mdogo, kwa sababu kila lita ya dawa uliyotumia kuyeyusha theluji laini ni lita utakayoitafuta baadaye. Na ukiilaza ndege ndani ya hanga lenye joto, usiitoe nje ikiwa na maji. Theluji ikiangukia bawa lenye uvuguvugu huyeyuka, halafu huganda na kushika kuliko ile uliyokuwa unaikimbia.

Hatua ya 3: Nyunyiza

Flapu, vile vipande vinavyoshuka nyuma ya bawa, ziwe mahali kitabu kinapotaka, hewa ya kabini ifungwe ili abiria wasivute mvuke wa glaikoli, kemikali iliyomo kwenye dawa. Dawa ya Aina ya I, ile ya rangi ya chungwa, ndiyo ya kuondolea barafu. Itoke kwenye bomba ikiwa na walau nyuzi 60. Mchanganyiko wake usigande mpaka nyuzi 10 chini ya joto la hewa ya nje, na hilo lipimwe kwa refraktomita, kifaa cha kupimia nguvu ya mchanganyiko, usiamini maandishi ya ubavuni mwa tangi. Aina ya IV, ya kijani na nzito, ndiyo ya kukinga. Nyunyiza kutoka mbele kwenda nyuma, pande zote mbili sawasawa. Usielekeze bomba kwenye mirija ya pito (inayopima mwendo wa ndege), midomo ya injini wala vioo.

Hatua ya 4: Saa

Hapa ndipo penye kazi.

Muda wa kinga ni makadirio ya dakika ambazo dawa itazuia barafu isishike. Majedwali yake hutolewa upya kila mwaka na mamlaka za usafiri wa anga, FAA ya Marekani na Transport Canada ya Kanada. La msimu uliopita litupe; nimewahi kulikuta la miaka mitatu nyuma limebandikwa ukutani kwa mapenzi makubwa.

Muda unaanza pale unyunyizaji wa mwisho unapoanza, siyo unapomalizika. Ukinyunyiza mara moja tu, hesabu tangu tone la kwanza la mara hiyo. Ukinyunyiza mara mbili, Aina ya I kisha Aina ya IV, hesabu tangu ile ya pili ilipoanza kugusa ndege. Kwenye uwanja mkubwa wenye magari manne, kosa hapa ni la dakika mbili tatu. Kwenye uwanja wenye gari moja, kosa ni la dakika 14, kama lilivyonikuta.

Asubuhi ile gari lilianza kumwaga Aina ya IV bawa la kushoto saa moja na dakika 10, likamaliza bawa la kulia saa moja na dakika 24. Mimi nikaandika 24, kwa sababu ndipo mwenye gari aliponinyooshea dole gumba. Jedwali lilitupa dakika 35. Kwa hesabu yangu tulikuwa salama hadi saa moja na dakika 59. Kwa ukweli wa bawa la kushoto, mwisho ulikuwa saa moja na dakika 45. Saa moja na dakika 50 bado tulikuwa tunasubiri ndege nyingine itue. Kapteni akauliza, "Umeandika saa ngapi?" Nikamwambia. Akanyamaza kidogo, akaushika mkono wa breki, akaomba mnara ruhusa ya kurudi. Tangi la dawa ya moto lilikuwa limekauka, ikabidi lijazwe na lichemshwe upya. Tulipaa baada ya kama masaa matatu, abiria hawataki hata kututazama.

Kwa hiyo: bawa lililoanza ndilo linaloshika saa ya ndege nzima. Mwambie mwenye gari aanze upande wa kushoto, uliko wewe, ili bawa lenye dawa kongwe ndilo ulione. Na kwa gari moja, amalize raundi zote mbili upande mmoja kabla ya kuhamia wa pili, kwa sababu dawa nzito inapaswa kufuata kabla ile ya kwanza haijaganda, kwa kawaida ndani ya dakika 3.

Sasa kulisoma jedwali lenyewe. Utakuta namba mbili, kwa mfano 6 hadi 11 kwa Aina ya I kwenye theluji ya wastani. Namba ndogo ni ya theluji inayoanguka kwa nguvu zaidi ndani ya kundi hilo. Wengi hushika ile kubwa kwa sababu ndiyo wanayoihitaji. Mimi hupanga safari kwa ndogo. Ile kubwa naiachia mambo yakienda vizuri kuliko nilivyotarajia.

Halafu kuna ukali wa theluji. Usichukue neno "nyepesi" kutoka kwenye taarifa ya hali ya hewa ukaingia nalo kwenye jedwali. Kuna jedwali jingine linalotafsiri mwonekano, yaani umbali unaoweza kuona, kuwa ukali, na linauliza mambo mawili ambayo taarifa haikuyazingatia: joto, na kama ni mchana au usiku. Usiku taa huonekana mbali hata katikati ya theluji nyingi, hivyo mwonekano uleule ambao mchana ni theluji nyepesi, usiku unaweza kuwa wa wastani. Kijana wangu wiki iliyopita alikuwa amesoma safu ya mchana. Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, giza totoro.

Mengine ya haraka: mvua inayoganda ikiwa ya wastani au kubwa haina muda wowote kwenye jedwali, utabaki chini. Upepo mkali na moshi wa injini ya ndege iliyo mbele yako hupunguza dakika. Hali ikibadilika njiani, fungua jedwali upya, usiendelee na namba ya mwanzo. Na saa iandike kwenye kadi kwa kalamu, usiiweke kichwani.

Hatua ya 5: Tazama tena

Dawa inayokufa hupoteza mng'ao, kisha theluji huanza kukaa juu yake bila kuyeyuka. Muda ukipita, kanuni za Marekani kwa mashirika ya abiria zinataka ukaguzi ndani ya dakika 5 kabla ya kupaa, la sivyo rudi ukanyunyize. Ukiwa na ndege ya mabawa ya juu, dirisha la kabini linakuonyesha tumbo la bawa tu. Mimi hurudi.

Hatua ya 6: Amueni kabla ya msimu nani anaweza kusema "simama"

Kwenye kampuni ndogo anayepakia mizigo ndiye anayenyunyiza dawa, na ndiye anayejibu simu ya meneja akiulizwa kwa nini ndege haijaondoka. Mtu huyo akiona kiraka kilichorukwa mkiani, kitu gani kitamfanya aseme?

Tarehe 10 Machi 1989, huko Dryden, Ontario, nchini Kanada, ndege ya Fokker F28 ya shirika la Air Ontario ilipaa na theluji kwenye mabawa ikaanguka. Walikufa watu 24 kati ya 69. Injini ndogo ya mkiani, ile ya kuwashia kubwa, ilikuwa mbovu na uwanja haukuwa na mashine ya kuwashia, kwa hiyo injini moja iliachwa ikiunguruma, na kunyunyiza dawa injini ikiwaka kulikuwa kumekatazwa. Ndani walikuwemo marubani waliosafiri kama abiria. Waliiona theluji, wakanyamaza. Tume ya uchunguzi ya Jaji Virgil Moshansky ilitoa mapendekezo 191. Desemba 2017, ATR 42 ya shirika la West Wind ilipaa na barafu kutoka Fond-du-Lac, Saskatchewan, hukohuko Kanada, ikaanguka. Vifaa vya uwanjani vilikuwa ngazi mbili, chombo cha kunyunyizia kwa mkono, na dawa.

Kwetu tumekubaliana hivi: yeyote, hata mhudumu wa kabini au mpakia mizigo, akisema "simama" kwenye redio au kwa kuinua mikono, ndege haiondoki, na kapteni haulizi kwa nini mpaka ngazi iwe imefika. Kuchelewa huko huandikwa kwa jina la kapteni. Na kabla ya kukubali safari ya kulala kituo cha mbali, piga simu uulize dawa imebaki lita ngapi na ngazi inafika wapi.

Hatua ya 7: Mabaki

Aina ya IV ikikauka huacha unga kwenye mianya ya eleroni na eleveta, vile vipande vya mabawa na mkia vinavyoiongoza ndege. Ikilowa tena huvimba kama ute, na huko juu huganda, usukani ukawa mzito. Kila baada ya siku chache za kunyunyiza bila kuosha kwa Aina ya I ya moto, mwombe fundi afungue vifuniko, arushie maji ya uvuguvugu, asubiri, kisha aingize kidole mwenyewe. Kikitoka na ute, safisha kabla ya safari inayofuata.