Kupumua unapokimbia: jinsi ya kwenda sambamba na shina la ubongo

Ukianza kukimbia, pumzi hupanda ndani ya sekunde chache tu, kabla hali ya damu haijabadilika. Ubongo unapoiamrisha miguu huiarifu pia medula, sehemu ya chini ya shina la ubongo, na neva za misuli huongeza msukumo. Vihisi vya kemikali husahihisha baadaye: vya ndani ya medula hupima asidi inayoletwa na kabonidayoksaidi, na vya shingoni, pale mshipa mkubwa unapogawanyika, hupima oksijeni pia. Kwa mtu mzima wa afya aliye Mombasa au Dar es Salaam, kinachomfanya ahema kwa kawaida si upungufu wa oksijeni kwenye damu.

Anza na dakika 10 za kutembea haraka, kisha mbio za polepole. Ukichomoka kwa kasi, misuli hutoa asidi mapema na medula hukulazimisha kutweta.

Halafu angalia kina cha pumzi, maana hapa ndipo wengi hukosea. Katika kila pumzi, mililita 150 hivi huishia kooni na kwenye mirija, bila kufika damu inapobadilishana hewa. Pumzi 20 za mililita 500 kwa dakika hufikisha lita 7. Pumzi 40 za mililita 250 huvuta hewa ileile, lita 10, lakini zinazofika ni 4 tu. Ukijikuta unahema juujuu, toa hewa mpaka tumbo liingie ndani. Inayofuata itaingia kwa kina yenyewe. Tumia pua na mdomo pamoja.

Kupima kasi, sema sentensi nzima kwa sauti. Ikikatika kila baada ya maneno matatu, asidi imezidi: kwa mbio ndefu, punguza. Ukienda Iten, mita 2,400 hivi juu ya bahari, vihisi vya shingoni huamka kwa uhaba wa oksijeni, basi fuata kipimo hikihiki, usifuate saa.

Ukimaliza, tembea dakika 5. Pumzi hushuka haraka, kisha taratibu.

Usipumue harakaharaka kwa makusudi kabla ya kupiga mbizi. Oksijeni haiongezeki kwa maana, kwa kuwa damu tayari inakaribia kujaa, ila kabonidayoksaidi hupungua sana. Medula haitakuhimiza kupanda juu, na unaweza kuzimia majini bila dalili. Pumua kawaida, na usizame bila mtu wa kukuangalia.